Lako Alivyoituliza Picha

Kama umewahi kupita Hai Malakal, hapa Juba, ukaona chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya kijani nusu tu, kwa sababu mwenyewe alichoka katikati, basi umemwona Lako. Alikuwa ameinama mezani, miwani puani, anaongea. Usidhani alikuwa akiongea nawe. Alikuwa akiongea na mashine. "Wewe nawe," huiambia, "jana ulikuwa mzima, leo umepatwa na nini?" Mimi nauza chai mlangoni pake tangu turudi kutoka Uganda, na nakuambia, mtu yule huzijulia hali mashine kabla hajanijulia mimi. Na bado, Jumapili nikipiga magoti, jina lake nalitaja mapema sana, kabla ya ndugu zangu wengine wa damu ambao leo sitawasema.

Mimi ni Natalina. Rakuba yangu, yaani kile kibanda cha miti na nyasi ninachopikia chai, imeegemea ukuta wa Lako. Kiswahili nilikiokota kwa madereva wa malori kule Nimule mpakani, nikaja kukinyoosha na Wakenya wanaokunywa chai kwangu, kwa hiyo ukiona nimekoroga mahali, vumilia. Ninayotaka kueleza ni mambo ya mtu huyu na mdogo wangu Cyril, na sitaki yaelezwe na mtu mwingine, maana watu wa hapa wakieleza jambo huongeza chumvi mpaka haliliki.

Lako alizaliwa kambi ya wakimbizi huko Uganda, upande wa Adjumani, baba yake akiwa fundi baiskeli. Alipopata ndevu mbili tatu akaenda Kampala kutafuta kibarua, akaangukia mikononi mwa mama mmoja aitwaye Kisakye, fundi wa redio na runinga. Mama yule ni mkali, jamani! Alimfagilisha karakana mpaka akazijua skrubu zote kwa kuzikanyaga. Ndipo akamkabidhi chuma cha kulehemu. Huko karakanani kulikuwa na mashine ya gemu ambayo mteja aliiacha asirudi tena, ya Kijapani, ya rangi ya kijivu, ile ya zamani ya diski, yenye umri mkubwa kuliko wengi wanaoichezea leo. Kisakye akampa iwe yake. Wenzake waliporudi Juba na magodoro na masufuria, Lako alirudi na mashine ya gemu imefungwa ndani ya blanketi. Mama yake aliifunua, akaitazama, akauliza, "Hiki ndicho ulichotuletea kutoka ng'ambo?" Mpaka leo akikasirika humuuliza swali hilohilo.

Asubuhi Lako hutengeneza simu. Mchana ukipinda, anasogeza simu pembeni, anawasha mashine, na vijana wanakuja kucheza mpira wa kwenye kioo. Waendesha boda, wafyatua matofali, wauza kadi za simu. Mimi nawauzia chai na mandazi. Hayo ndiyo maisha yetu, na sikuwa nimeyafikiria sana mpaka yalipotaka kuvunjika.

Sasa Cyril. Ndiye kitinda mimba wetu. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio akiwa bado mdogo, tukiwa ukimbizini, na mama alipofariki akaniachia mimi. Alipata kusoma kidogo kwenye shule ya viziwi huko Uganda, akajifunza kusema kwa mikono, nami nikajifunza kutoka kwake, vibaya vibaya. Mikono yangu ni mizito, ananicheka. Sasa ni mwanamume wa ndevu, anaosha pikipiki, anajitafutia. Lakini Juba hii! Mtu anakuja kwangu, Cyril amesimama hapo hapo, mrefu kama mlingoti, na mtu ananiuliza mimi, "Huyu anakunywa na sukari?" Ala! Muulize mwenyewe. Inua kijiko umwonyeshe. Una mikono ya nini?

Kwa Lako ilikuwa tofauti. Sikujua kwa nini, niliona tu kwamba ilikuwa tofauti. Cyril alikuwa akiingia mle ndani mabega yamenyooka. Alikuwa mchezaji hodari, walimwogopa. Alipofunga goli alisimama akawazungushia wote vidole puani, nao wakamrudishia kwa mikono matusi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Ojok, yule mwendesha boda mwenye mdomo mrefu kuliko wote Hai Malakal, alikuwa akizijua alama za Cyril kunishinda mimi dada yake. Nilikuwa nasema moyoni, gemu imemponya ndugu yangu. Asante, gemu.

Na nyuma ya ukuta wa Lako, ukuta huohuo wa mabati, palikuwa na jenereta ya Apollo. Apollo ni Mganda, mtu mpole, anayeuza umeme kwa vibanda vyote vya mstari wetu. Jenereta yake ilikuwa kubwa, ya zamani, na sauti yake ilikuwa adhabu. Ikianza kunguruma, vikombe vyangu vilitembea vyenyewe mezani. Mteja akitaka chai, ananyoosha kidole. Akitaka mandazi, anafungua mdomo na kuonyesha ndani. Niliitukana jenereta ile asubuhi, nikaitukana jioni. Nilikuwa nikimwambia Apollo, "Siku utakayoihamisha nitakupikia kuku."

Kiangazi kilichopita, adhuhuri moja, runinga ya Lako ikafa. Ilikuwa ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, inayobebwa na wanaume wawili huku wakigombana. Ikatoa moshi mwembamba, ikanuka maharage yaliyoungua, kalas, imekwisha. Lako akaifungua, akaichokoa, akaifunga, akaifunika kitambaa. Hakula siku ile. Tulitafuta nyingine ya aina ile Konyo Konyo, tukatafuta Buluk, Lako akaenda mpaka New Site. Watu walikuwa wamekwisha kuzitupa. Nyumba moja walikuwa nayo, ila ndani yake kulikuwa na kuku anaatamia.

Mwishowe Ojok akaleta runinga bapa ya nyumbani kwake. Mkewe alikuwa safarini Torit, hakuna wa kumzuia. Lako akatafuta kisanduku kidogo kinachogeuza picha ya zamani iingie kwenye runinga mpya, akaunganisha, akawasha, sote tukainama kutazama.

Loo! Ile haikuwa picha. Mara wachezaji wana shingo ndefu, mara uwanja wote umekimbilia kushoto, mara kioo kinakuwa cheusi na kuandika kwamba hakuna kilichochomekwa. Na hata ilipotulia, rangi zote zilikuwa na vidoadoa, kama unatazama kupitia chandarua. Ojok na wenzake walicheka, wakapiga kelele, wakaendelea kucheza hivyohivyo. Lakini Cyril anaishi kwa macho. Alikaza macho mpaka yakatoka machozi, akashika kichwa, akaweka chini padi, kile kidude cha kuchezea, akatoka. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Akawa akimaliza kazi anakuja nyumbani, anakaa kitandani, anautazama ukuta. Nilimshauri aende Buluk, kuna ukumbi mpya wenye mashine mpya, kiyoyozi, viti vya kuzunguka. Akaenda mara moja, akarudi mapema, nikamuuliza vipi, akatikisa kichwa tu. Halafu jioni moja, nikichambua mchele, akaja akasimama mbele yangu na kunionyesha kwa mikono: Pasaka ikipita, ninarudi Adjumani.

Nilimuuliza, kwa nani? Shule yake ilishafungwa. Mjomba aliyekuwa kule tulishamzika. Rafiki zake wametawanyika, wengine hatujui kama wako hai. Cyril akajibu: kwa watu wangu.

Nikauliza, na mimi ni nani? Alichukua begi lake kutoka juu ya kabati, akaanza kulipangusa vumbi. Jamani, moyo uliniuma. Nilimlea kwa mgongo huu. Nilijua akiondoka peke yake, kwenye barabara ya askari wanaouliza maswali kwa mdomo tu, huenda nisimwone tena.

Kesho yake asubuhi sikumpa Lako hata salamu. "Lako, tengeneza picha ile."

"Dada, ni jenereta."

Unaijua Juba? Hapa kila kitu ni jenereta. Friji ikifa, jenereta. Simu ikichelewa kujaa, jenereta. Siku moja mtu ataachwa na mkewe aseme ni jenereta. Na sisi sote tukakubali, kwa sababu kweli umeme wa jenereta hupanda na kushuka, umetuulia vitu vingi. Hakuna aliyefikiria jambo jingine. Lako akafunga vyuma vya sumaku kwenye nyaya. Akaazima mashine ya kutuliza umeme. Akachimba shimo nyuma ya ukuta, akasimika nondo, akamwagia maji ya chumvi, mpaka jirani akaja kuniuliza kwa siri tunamzika nani. Picha ikaruka vilevile.

Basi Lako, kwa uchungu wake, maana na yeye alimpenda Cyril, akamwendea Apollo asubuhi, kabla hajawasha. "Jenereta yako inanichafulia picha."

Apollo alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. "Lako, mimi iko hapa miaka yote. Picha yako ilikuwa safi. Leo ndio iko chafu?"

"Basi ni mafuta yako. Unayachanganya na nini?"

Wee! Neno lile humwambii Apollo. Apollo ni mtu anayenawa mikono kabla ya kushika dumu la mafuta. Alikunja kitambaa, akachomoa waya wa Lako. "Sawa. Tafuta stima yako," akasema. Mchana uleule akawaita watu wakaisukuma jenereta mpaka upande wa pili, nyuma ya bucha, mbali kabisa.

Sikufichi, mimi nilifurahi. Nilisikia birika langu likichemka. Nilikuwa nimesahau kwamba birika lina sauti.

Lako akaenda New Site kwa shemeji yake, akarudi na betri kubwa ya sola na kile kisanduku cha kugeuza umeme. "Leo tutaona," akaniambia. "Leo hakuna jenereta. Mlete Cyril." Nikamvuta Cyril kwa mkono wa shati mpaka mlangoni. Ojok alikuwepo, na vijana wengine, wote wanangoja. Lako akawasha.

Picha ikaruka. Ilikuwa ileile, shingo ndefu zilezile.

Lako akakaa kwenye kiti akashika kichwa. Hakuna jenereta, hakuna waya wa jenereta, na ugonjwa uko palepale. Alikuwa amemtukana mtu bure. Niliona uso wake ukibadilika, nikamwonea huruma, na mimi si mwepesi wa huruma.

Ni Cyril aliyemgusa bega. Alikuwa amesimama karibu na kioo kuliko sisi sote, amekunja macho. Akamwonyesha Lako kwa mikono: tazama, hairuki ovyo. Inaruka ikiwa nyeupe. Lako hakuelewa. Cyril akachukua padi, akapeleka mpira mpaka golini, akafunga, na mashine ile mtu akifunga huangaza kioo kizima kwa weupe. Papo hapo picha ikapinduka upande. Akarudi katikati ya uwanja, kwenye majani, ikatulia. Akafunga tena, ikapinduka tena.

"Kumbe!" Lako akapiga kelele. "Kumbe!" Akachukua simu na kukimbilia nje, huku wengine wakibaki wanabishana kwa midomo yao yote, huyu anasema hivi, yule vile. Nilipogeuka kumtafuta Cyril, nikaona mgongo wake unaondoka. Nikasema, macho yanamuuma tena.

Lako alimpigia Kisakye, Kampala. Simu alikuwa ameifungulia sauti, akamweleza mpaka ugomvi wake na Apollo, nikasikia yote. "Wee Lako! Nilikufundisha nini? Kabla hujamshtaki mtu, zima mashine yake kwanza. Picha inaruka lini?"

"Ikiwa nyeupe, mama."

"Nani amekuonyesha?"

"Kijana wetu mmoja, hasikii."

"Mpe chai. Amekufanyia nusu ya kazi."

Alichokieleza Kisakye, Lako alinieleza mimi baadaye, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Picha haiingii kwenye runinga ikiwa nzima. Inaingia mstari mmoja mmoja, na pamoja nayo kuna amri inayosema: hapa anza mstari mpya, hapa anza picha mpya. Mafundi huiita sinkroni. Sasa kwenye waya wa Lako, amri hiyo ilikuwa inasafiri ndani ya picha yenyewe, imechanganyika na rangi zote na mwanga wote. Runinga ya zamani ilikuwa mvumilivu, ilikisia. Hii bapa haikisii. Kioo kikijaa weupe, amri inafunikwa, runinga inapotea njia. Na vile vidoadoa vya chandarua vilikuwa ni picha hiyo hiyo inayovuja kutoka kwenye waya wa amri na kuingia kwenye rangi.

Nilimfuata Cyril nyumbani nikamrudisha, na Lako akamweleza kwa namna yake. Alitusimamisha mimi, Ojok na wateja wangu wawili, akatuambia sote tupunge mikono kwa nguvu, naye katikati yetu akainua kidole kimoja. Kisha akatuambia tushushe mikono, akainua kidole tena, peke yake. Tulionekana wehu, watu walisimama barabarani. Cyril alielewa mara moja. Alitabasamu, mara ya kwanza tangu runinga ife.

Dawa yake ilikuwa hii. Ndani ya mashine kuna chip, na chip hiyo ina mguu mmoja ambao hutoa amri ikiwa safi, kabla haijachanganywa na kitu. Inabidi uiteke pale pale, kwa waya mwembamba, uipeleke mpaka kwenye tundu la nyuma, na ule waya wa zamani uukate. Ukisikia ni rahisi. Ule mguu ni mwembamba kuliko wa sisimizi, na umebanana na wenzake. Lako akaniomba nisikoroge chai, ati meza yangu inatikisa meza yake. Nikaacha kukoroga. Wateja wakangoja. Alizuia pumzi, akagusa na chuma cha kulehemu, akatoa, akapuliza. Cyril alikuwa amemshikia taa ya simu, na mkono wake haukutikisika hata kidogo.

Wakawasha. Giza tupu.

Cyril akamtazama Lako, Lako akamtazama Cyril, na mimi nikamtazama Mungu. Kisha Lako akajipiga paji la uso. Amri ilikuwa inatoka kwa nguvu zake zote, kile kisanduku cha kugeuza picha kikaikataa, ilitakiwa ipunguzwe. Akaifunua ile runinga marehemu, akachomoa kutoka tumboni mwake kirezista kidogo, kijidude cha kupunguza nguvu ya umeme, akakilehemu katikati ya waya. Wakawasha tena.

Na picha ikatulia, jamani. Majani yakawa majani. Nambari za migongoni zikasomeka. Mistari ya uwanja ikawa myeupe, imenyooka. Cyril akafunga goli kwa makusudi, kioo kikaangaza chote, na hakuna kilichopinduka. Alisogeza kidole mpaka karibu na kioo kama anataka kushika nyavu. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Nikamwambia Lako, "Mungu akupe maisha marefu, wewe mtu wa ajabu," naye akavua miwani akaifuta, haikuwa na vumbi lolote.

Ungedhani yamekwisha hapo. Mimi nilidhani hivyo. Kesho yake niliamka nikiimba, nikaweka mandazi mengi.

Wakaja wote. Picha safi, betri imejaa, chumba kimya kabisa. Cyril akacheza na Ojok. Na Ojok, akifunga goli, akageuka akamwambia kitu mwenzake aliye nyuma, kwa mdomo. Wakaangua kicheko. Mwingine akajibu, kwa mdomo. Wakacheka zaidi. Hawakuwa na nia mbaya, wallahi, walikuwa wanaongea tu kama watu wanavyoongea. Cyril alitazama mdomo huu, akatazama ule, akacheka kidogo, kwa kuchelewa. Kicheko kile ninakijua. Ndicho anachocheka kanisani. Ndicho anachocheka msibani, sokoni, kwenye arusi, kila mahali ambapo watu wamefurahi na yeye hajui wamefurahia nini. Kwa miaka yote sikuwahi kukiona ndani ya chumba cha Lako.

Aliweka padi chini polepole, akatoka, akapita mbele yangu bila kunitazama. Alikuwa anaelekea nyumbani, kwenye begi.

Ndipo nilipoelewa, nikakaa juu ya dumu. Haikuwa gemu. Mle ndani, jenereta ikinguruma nyuma ya bati, hakuna aliyekuwa anasikia. Ojok hakumsikia mtu, na hakuna aliyemsikia Ojok, sifa kwa Mungu. Wote walikuwa viziwi, na aliyekuwa anajua kuongea ni Cyril peke yake, ikabidi wajifunze kwake. Kule Buluk kuna kiyoyozi na kimya. Sisi tumemletea kimya hichohicho mpaka hapa, tena mimi nikakifurahia.

Nikaingia ndani. "Lako, inuka. Tunakwenda kwa Apollo."

"Dada, siwezi. Nilimtukana."

"Ndiyo sababu unakwenda. Inuka!"

Nikamweleza njiani, nikitembea mbele yake ili asigeuke. Mara nikasikia nyuma yangu, "Mungu wangu, kweli." Nyuma ya bucha tukamkuta Apollo ameketi juu ya tairi. Lako akasimama mbele yake, mtu mzima, mikono nyuma kama mtoto wa shule.

"Maalesh, Apollo," akasema. "Nilizima kila kitu nikajaribu kwa betri, ikaruka vilevile. Jenereta yako haina kosa. Mafuta yako hayana kosa. Kosa lilikuwa kwenye waya wangu. Nisamehe."

"Nimekusikia," Apollo akasema. "Lakini sasa picha iko safi, stima iko, kimya iko. Mimi narudi kufanya nini?"

"Kelele," nikasema mimi. "Nataka kelele."

Apollo alicheka mpaka akakohoa. "Mama Natalina! Wewe ndio ulikuwa unaitukana kushinda watu wote!"

"Ndiyo, na sasa naitaka. Ni kwa ajili ya Cyril." Nikamwambia yote, na Adjumani nikamwambia, na begi. Apollo akaacha kucheka.

"Cyril," akasema. "Huyo ndio ananisaidia kuiwasha. Anaweka mkono juu ya bati, anajua imechoka kabla mimi nisikie." Akainuka. Hakusema kwamba amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Akashika upande mmoja wa jenereta na kumwangalia Lako. Lako akashika wa pili. Mimi na muuza nyama tukasukuma kwa nyuma, na sketi yangu ikapata mafuta ambayo hayajatoka mpaka leo, na sitaki yatoke.

Tukairudisha palepale, imebanwa na bati. Apollo akavuta kamba. Ikakohoa, ikakataa, ikavutwa tena, ikanguruma. Vikombe vyangu vikaanza kutembea. Mle ndani Ojok alikuwa katikati ya hadithi. Niliona mdomo wake ukiendelea kidogo, ukachoka, ukafungwa. Akainua mikono.

Hakuna aliyekwenda kumwita Cyril. Nyumba yetu iko hatua chache tu, na ardhi ilikuwa inatetemeka. Alitokea kwenye kona, vidole vimejaa povu la sabuni ya kufulia nguo za safari, akasimama, akaweka kiganja juu ya bati. Apollo akampungia. Ojok akatoa kichwa mlangoni, akamwonyesha kwa mikono tusi moja ambalo siwezi kulieleza hapa. Cyril akamrudishia kubwa zaidi, akaingia ndani, mabega yamenyooka.

Nilisubiri, nikashindwa kusubiri. Nikasimama mlangoni nikamwonyesha kwa mikono yangu mizito: Adjumani, bado unakwenda? Hakunitazama mpaka mpira ulipotoka nje. Kisha akaachia padi kwa mkono mmoja, haraka, kama mtu anayefukuza nzi: dada, usinisumbue, ninacheza.

Nikarudi kwenye birika langu. Nikalia kwa sauti kubwa, nikimshukuru Mungu, na Lako, na Apollo, na yule mama wa Kampala, kila mmoja kwa jina lake, na hakuna aliyenisikia.